Parachuti ya sashe haishuki vizuri: soma anguko lake kabla ya kushika mkasi

Mtoto akiona parachuti yake ya sashe, yaani ya mfuko mwembamba wa plastiki, imeanguka kama tambara lililolowa, hukimbilia mkasi. Anafupisha nyuzi, anatoboa katikati, anaongeza mchanga, yote kwa mpigo mmoja. Safari ya pili ikishuka vizuri, hajui kilichoiponya. Ikianguka tena, hajui kilichoiharibu. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa dalili: tazama kwanza inavyoshuka, tafuta sababu, rekebisha kitu kimoja, iangushe tena.

Karibu kila kasoro hujieleza ukiuliza swali moja: hewa inapita wapi? Parachuti inaposhuka, hewa inabanwa chini ya mwavuli na lazima itafute pa kutokea. Ikikosa kuingia, mwavuli haufunguki. Ikitokea upande mmoja, parachuti inaenda upande wa pili. Ikipenya kwenye kitambaa chenyewe, mzigo unashuka kama hauna parachuti. Wazoesheni watoto kuuliza swali hilo kila mara, nanyi mtashangaa jinsi wanavyoanza kuona kasoro kabla ya mtu mzima.

Vipimo vya humu ni vya Bukavu, mji wa Kongo kando ya Ziwa Kivu, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mita moja ya ujazo ya hewa ya hapa ina uzito wa kilo 1 hivi; ya pwani ina kilo 1.2. Hewa nyepesi inazuia kidogo, kwa hiyo parachuti ileile inashuka Bukavu kwa kasi iliyozidi ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ukifuata vipimo vilivyoandikiwa mji wa baharini ukaona namba zako ni kubwa kidogo, kazi yako haina kosa.

Parachuti ya kulinganishia

Bila parachuti moja mnayoijua vizuri, hamna cha kulinganisha na ile mbovu. Tengenezeni hii kwanza, msiiguse tena kwa mkasi.

Chukua sashe nyembamba ya sokoni, ikate pembeni na chini ipanuke iwe karatasi moja, kisha ukate mraba wa sentimita 40 kwa 40. Ukunje katikati, ukunje tena katikati, halafu ukunje mshazari ili upate pembetatu ambayo ncha yake ndiyo kitovu cha mraba. Kutoka kwenye ncha pima sentimita 20, ukate kwa kuzungusha. Ukifungua una duara lenye upana wa sentimita 40 na mikunjo inayoonyesha sehemu nane za nyuzi. Mikunjo hiyo ni ya thamani: mtoto wa miaka saba akiweka alama kwa macho tu, nyuzi nane haziwezi kukaa kwa umbali ulio sawa.

Nyuzi ni nane za sentimita 45, lakini usikate vipande vinane. Kata vinne vya mita 1 kila kimoja. Ncha mbili za kipande kimoja zifunge kwenye sehemu mbili zinazofuatana, ukitumia sentimita 5 kila ncha kwa fundo. Ukikunja kile kinachobaki katikati unapata miguu miwili ya sentimita 45. Fanya hivyo mara nne, shika mwavuli kwa kilele chake, acha nyuzi zining'inie, kisha uunganishe vitanzi vyote vinne pamoja. Urefu unajisawazisha wenyewe, na umeepuka nusu ya kasoro zilizoelezwa huko chini.

Kuhusu kufunga uzi kwenye plastiki, tazameni watu wanavyofunga bashe, yaani turubai, juu ya kibanda cha soko. Hawatoboi bashe. Wanaweka kijiwe ndani ya pembe, wanaizungushia bashe, kisha kamba inakaza shingoni mwa kijiwe. Fanyeni vivyo hivyo kwa punje ya karatasi iliyovingirishwa, ukubwa wa haragi, iliyowekwa karibu na ukingo. Uzi ukikazwa hapo hauchomoki wala hauchani.

Mzigo uwe gramu 15 za mchanga mkavu, zilizofungwa kwenye kipande cha sashe. Hakuna mizani? Karatasi ya A4 ya kawaida, ile iliyoandikwa gramu 80 kwenye pakiti, ina uzito wa gramu 5 kamili kwa kila kurasa moja. Ning'iniza rula ya sentimita 30 kwa uzi kwenye alama ya 15, weka karatasi tatu zilizokunjwa ncha moja, na ncha ya pili umwage mchanga kwenye kifuko hadi rula ilale sawasawa. Watoto hupenda hatua hii kuliko inavyotarajiwa, basi msiwaharakishe.

Mwavuli na nyuzi zake vina gramu 3 hivi, kwa hiyo jumla ni gramu 18. Kwa jumla hiyo, na upana huo, parachuti hushuka karibu mita 1.9 kwa sekunde. Kutoka mita 5 itagusa chini baada ya sekunde 2.5 hadi 3. Jiwe kutoka hapohapo linafika kwa sekunde 1. Namba hizo mbili ndizo mipaka yenu: parachuti ikikaribia sekunde 1, haifanyi kazi yoyote.

Mahali pa kuangushia Bukavu hapakosi. Baraza la etaji (ghorofa) linalotazama bondeni lenye ukuta wa kuegemea, au ngazi ndefu ya shule, vinatosha. Shusheni uzi wenye kijiwe hadi chini, mpime huo uzi, mjue ni mita ngapi. Anayeangusha awe mtu mzima au mtoto mkubwa aliyesimama nyuma ya ukuta unaomfika kifuani. Hakuna anayepanda juu ya mabati, wala kusimama kwenye ukingo wa mteremko uliokatwa na mvua. Angalieni pia juu: nyaya za umeme zinazopita karibu na nyumba zinatosha kubadilisha mahali. Na sashe haziachwi mikononi mwa watoto wa chini ya miaka mitano, maana mtoto huivaa kichwani mara moja tu ukigeuka.

Dalili: inaanguka kama tambara, mwavuli haufunguki kabisa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ina sababu nyingi, kwa hiyo zichunguze kwa mpangilio.

Anza na plastiki. Sashe mpya pande zake hunatana, hasa ikiwa mmeisugua sana wakati wa kukata. Ikiwa imekunjwa-kunjwa mkononi, hewa haipati mdomo wa kuingilia. Ikung'ute, ipulizie mara moja kwa chini, kisha uishike kwa kilele na kuiachia. Ikifunguka, tatizo lilikuwa namna ya kuiachia. Watoto wengi huikunja kama kitambaa cha mkono na kuitupa juu. Njia hiyo inahitaji urefu mkubwa kuliko mita 5. Kwa majaribio ya kulinganisha, iachieni siku zote ikiwa imeshikwa kileleni kwa vidole viwili, nyuzi zimenyooka, mzigo umetulia.

Kama bado haifunguki, pima mzigo. Mwavuli hufunguka kwa sababu mzigo unavuta chini na hewa inasukuma juu. Mzigo ukiwa na uzito sawa na mwavuli au pungufu, hakuna kinachonyoosha nyuzi, na vyote viwili vinabiringika hewani kama jani. Hapa ndipo vijiwe halisi vinapoharibu kazi: aliyefunga nyuzi kwa vijiwe vinane badala ya punje za karatasi ameongeza gramu mbili tatu ukingoni, yaani amekaribia kuufanya mwavuli uwe na uzito maradufu. Mzigo uwe angalau mara tatu ya uzito wa mwavuli. Kwa kitambaa kizito kama kitenge, hilo halitimii ila kwa mzigo mkubwa, na ndiyo sababu kitenge kinawakatisha tamaa watoto ingawa kinapendeza.

Sababu ya tatu ni nyuzi fupi mno. Uzi wa sentimita 15 kwenye mwavuli wa sentimita 40 unavuta kingo zikaribiane, mdomo unabaki mwembamba kama wa mfuko uliofungwa nusu. Urefu wa uzi usipungue upana wa mwavuli. Ukiongeza hadi mara moja na nusu hakuna ubaya. Ukizidi hapo faida ni ndogo, na kazi ya kufungua mafundo inaongezeka.

Nyuzi zilizosokotana huonekana kwa macho: chini ya mwavuli kuna msuko mmoja badala ya nyuzi nane zilizotengana. Shika mzigo, acha mwavuli uning'inie kichwa chini, uuzungushe taratibu hadi msuko ufunguke. Usivute uzi mmojammoja.

Dalili: inafunguka vizuri, kisha inabembea huku na huku

Itazameni kwa makini kabla ya kurekebisha, kwa sababu hakuna dalili inayoonyesha hewa waziwazi kama hii. Mwavuli unainama kulia, mzigo unaenda kushoto; unasimama kidogo; kisha unainama kushoto. Kwa nyuzi za sentimita 45, kwenda na kurudi kunachukua sekunde 1.3 hivi, sawa na jiwe lililofungwa kwenye uzi wa urefu huo na kuachiwa libembee.

Mwavuli usio na tundu unajaa hewa, na hewa hiyo ina njia moja tu ya kutoka: chini ya ukingo. Haitoki pande zote kwa pamoja. Inamwagika upande mmoja, ukingo wa hapo unanyanyuka, mwavuli unainama. Mzigo unavutwa, unarudi, na hewa sasa inamwagika upande wa pili. André-Jacques Garnerin aliyaona hayo kwa mwili wake tarehe 22 Oktoba 1797, aliporuka kutoka kwenye puto juu ya Paris akiwa ndani ya kikapu chini ya mwavuli mkubwa wa kitambaa usio na tundu. Alifika chini mzima, lakini kikapu kilikuwa kimebembea vibaya njia nzima.

Dawa ni tundu kileleni, na hapa ndipo watoto huharibu kwa haraka. Anza na tundu la upana wa sentimita 2. Angusha mara tatu. Kama bado inabembea sana, panua hadi sentimita 4, yaani sehemu moja ya kumi ya upana wa mwavuli. Tundu hilo linaonekana kubwa, lakini eneo lake ni sehemu moja ya mia tu ya eneo la mwavuli, na muda wa kushuka haubadiliki kiasi cha kuonekana kwa saa ya mkononi. Tundu la sentimita 10 ni jambo jingine: parachuti inashuka imenyooka kama mshale, na kwa haraka. Mkunje ncha ya mwavuli, mkate kijipande kidogo, mfungue mtazame; kukata zaidi kunawezekana siku zote, kurudisha haiwezekani ila kwa skochi.

Kwa nini tundu dogo namna hiyo linatosha? Kwa sababu linaipa hewa mlango wa kudumu. Sehemu ya hewa inapanda na kutoka juu bila kusitasita, na kile kinachomwagika ukingoni kinapungua nguvu. Ukitaka watoto walione, bandika nyuzi nne fupi za sufi, za sentimita 5, kuzunguka tundu kwa upande wa juu. Parachuti inaposhuka, nyuzi hizo zinasimama wima zikitikisika. Zirekodi kwa simu kutoka barazani, kisha mzitazame polepole. Katika mambo yote ya somo hili, hilo ndilo la kuonyeshwa hata kama muda umekwisha, kwa sababu hewa ambayo mtoto haioni inamfanyia kazi mbele ya macho yake.

Ikiwa tundu lipo na bado inabembea, angalia anayeiachia. Mzigo uliokuwa ukitikisika mkononi unaendelea kutikisika hewani.

Dalili: inaenda upande mmoja, haishuki wima

Upepo au parachuti? Wengi hulaumu upepo, na mara nyingi wanakosea. Jaribio la kutofautisha ni rahisi. Weka alama ya biki kwenye ukingo mmoja wa mwavuli. Iangushe alama ikitazama ziwa, andika imeelekea wapi. Iangushe tena alama ikitazama mlima. Ikielekea kulekule mara zote mbili, ni upepo. Ikigeuka pamoja na alama, kasoro iko ndani ya parachuti.

Kasoro yenyewe karibu kila mara ni uzi mmoja uliozidi au kupungua. Tofauti ya sentimita 2 tayari inaonekana. Kusanya kingo zote nane mkononi, nyoosha nyuzi kwenye meza: zile zisizofika kwenye fundo kwa pamoja ndizo zenye shida. Upande wenye uzi mrefu unanyanyuka, hewa inatokea hapo, parachuti inasukumwa kinyume chake.

Watoto wa darasa la tano na kuendelea wanaweza kugeuza kasoro hii kuwa kazi. Kateni mpasuko wa sentimita 5 karibu na ukingo wa upande mmoja, kwenye parachuti nyingine, si ile ya kulinganishia. Watabiri itaelekea wapi, waandike, ndipo iangushwe. Hewa inatoka nyuma kupitia mpasuko, parachuti inakwenda mbele.

Na kama ni upepo kweli, badilisheni saa. Mchana jua linapopasha moto miteremko, upepo unatoka ziwani na kupanda vilima; jioni na usiku unageuka, unashuka kuelekea Kivu. Kati ya mabadiliko hayo kuna utulivu. Asubuhi kabla ya saa tatu ndio wakati mzuri kwa majaribio ya kupima muda. Kipande cha uzi wa sufi kilichofungwa kwenye kijiti cha mita 1 kitawaambia: kikining'inia wima, anzeni.

Dalili: inajisokota

Mwavuli unazunguka kwenye mhimili wake na nyuzi zinajikaza hadi mdomo unafunga. Chanzo ni mkunjo wa plastiki uliobaki upande mmoja, au uzi wenyewe: uzi wa kushonea uliotolewa kwenye kigurudumu huwa na msokoto wake, ukipata uzito unataka kujifungua. Ning'iniza nyuzi zikiwa na mzigo usiku kucha kwenye msumari kabla ya kuzipima. Uzi wa nailoni unaofumiwa nyavu hausumbui hivyo, ila mafundo yake huteleza. Funga mara mbili.

Dalili: imefunguka, imenyooka, lakini inashuka haraka

Kwanza kitambaa. Kibandike mdomoni upulize, mkono wa pili ukiwa nyuma yake. Ukihisi pumzi mkononi, hewa inapenya, na parachuti yako ni chujio. Chandarua hakifai hata kidogo. Kitenge chepesi kinapitisha kiasi. Sashe haipitishi. Kitambaa bora kuliko vyote mjini ni cha mwavuli wa mvua uliovunjika: hakipitishi hewa, kina vipande nane vilivyoshonwa tayari, na pembe zake nane zinangoja nyuzi. Toa vyuma vyote na uhakikishe hakuna ncha kali iliyobaki. Upana wake ni karibu sentimita 95, kwa hiyo mzigo wa gramu 15 hautaufungua. Uanzie gramu 150, na nyuzi za mita 1. Ukiwa na jumla ya gramu 200 utashuka mita 2.6 hivi kwa sekunde. Mzigo huo ukimpiga mtu kichwani anauhisi, basi chini pawe wazi. Kwa kundi lenye watoto wanaoishi ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, ambako mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, kitambaa hiki ndicho chaguo.

Pili, hesabu. Watoto, na wazazi pia, hutarajia kwamba mzigo ukiwa mara mbili kasi nayo inakuwa mara mbili. Haiwi hivyo. Nguvu ya hewa inakua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, hewa inasukuma mara nne. Kwa hiyo ili parachuti ishuke kwa kasi maradufu, uzito wote unatakiwa uwe mara nne, yaani gramu 72 badala ya 18. Kutoka mita 5 sekunde 2.8 zitakuwa 1.6 hivi. Uzito ukiwa mara mbili tu, kasi inapanda kwa chini ya nusu. Na upande wa mwavuli, upana ukiwa mara mbili eneo linakuwa mara nne, kasi inapungua hadi nusu. Mwambie mtoto apake rangi miraba ya kaye (daftari): mraba wa 2 kwa 2 una vyumba 4, wa 4 kwa 4 una vyumba 16. Akihesabu mwenyewe hasahau.

Dalili: haishuki, inapanda na kupotea

Mzigo mdogo, mchana, mteremkoni. Parachuti yenye jumla ya gramu 6 inashuka mita 1 tu kwa sekunde, na upepo unaopanda kilima unaifikia kasi hiyo bila shida. Ongeza mchanga au ngoja asubuhi. Iliyonasa kwenye waya wa umeme huachwa palepale. Hakuna kijiti, hakuna kamba, hakuna mtoto anayetumwa. Waambiwe hivyo kabla ya kuanza, wasisubiri itokee.

Hesabuni sashe mnapoanza na mnapomaliza. Mvua ya Bukavu inaosha kila kitu hadi ziwani, na plastiki ya ziwa inakwenda kukwama kwenye bwawa la Ruzizi I, pale umeme wa mji unapotoka.

Dalili: parachuti ileile, kila mara muda tofauti

Tofauti ya sehemu ndogo za sekunde hutoka kwa mwenye saa. Mkono wa mtu huchelewa karibu sekunde 0.2 kubonyeza. Kwenye anguko la sekunde 1 hilo ni kosa la sehemu moja ya tano. Kwenye sekunde 3 ni dogo. Kwa hiyo mita 2 hazitoshi kulinganisha parachuti mbili. Tafuteni mita 5 au zaidi. Angusha kila parachuti mara tano, futa muda mrefu kabisa na mfupi kabisa, tafuta wastani wa mitatu iliyobaki. Simu inasaidia zaidi: video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kuhesabu picha toka inapoachiwa hadi inapogusa chini kunapunguza kosa hadi karibu sekunde 0.03.

Tofauti kubwa, kwa mfano 2.8 kisha 1.9, si ya saa. Hapo mwavuli ulichelewa kufunguka. Rudi kwenye namna ya kuiachia.

Parachuti za karatasi ya kaye zina lao. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, karatasi inanyonya unyevu, inalegea, inakuwa nzito. Iliyopimwa asubuhi si ileile ya mchana. Zitumieni kiangazi, au siku hiyohiyo zilipokatwa.

Dalili: parachuti iko sawa, maelezo ndiyo yamekwama

"Mwalimu, kizito ndicho kinafika mbele." Sentensi hii itakuja, na haifai kukemewa, kwa sababu mtoto ameona jiwe na unyoya. Mpe kurasa mbili za kaye zinazofanana. Moja aifinyange iwe mpira, nyingine iache bapa, aziachie pamoja. Uzito ni uleule, ila ya mpira inafika kwanza. Sasa ampe mwenzake jiwe na ule mpira wa karatasi, waviachie kutoka mita 2: vinagonga karibu kwa pamoja. Mwache akae na hilo kidogo. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini, kusiko na hewa, vikagusa udongo kwa wakati mmoja.

Maelezo mengine yanayopotosha ni kwamba parachuti "inapunguza uzito". Ining'inizeni kwenye rula ileile ya kupimia: gramu 18 ni gramu 18, mwavuli ukiwa wazi au umefungwa. Kinachotokea hewani ni kwamba hewa inasukuma juu, na inasukuma zaidi kadiri kasi inavyopanda, hadi msukumo unalingana na uzito. Tangu hapo kasi haiongezeki tena. Kwa parachuti ya gramu 18 hali hiyo inafikiwa ndani ya nusu sekunde tu baada ya mwavuli kufunguka, kwa hiyo kwenye video yenu umbali kati ya picha na picha utakuwa sawa karibu njia nzima. Wekeni rula juu ya kioo cha simu mpime.

Dalili: jana ilikuwa nzuri, leo mbovu

Ilihifadhiwa imefinyangwa mfukoni. Vingirisha nyuzi kwenye kijiti kuanzia upande wa mzigo, laza mwavuli bapa ndani ya kaye kubwa, na kesho yake uitundike kwa kilele dakika kumi kabla ya kuiangusha. Kagua pia mchanga: ukiwa ulijazwa ukiwa na unyevu, umekauka usiku na gramu zimepungua. Rudisha kwenye rula, karatasi tatu upande mmoja.